Gundi Iliyochemka Sebuleni

Fundi cherehani alikuwa na miaka hamsini na minane alipoamua kujiundia mashua ndogo, na hakuomba ruhusa ya mtu. Ziwa lilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka kwake, na maisha yake yote alikuwa akiliangalia kwa macho tu. Akanunua plaiwudi, akaikata vipande kama anavyokata gauni, akavishona kwa waya wa shaba. Makochi ya sebuleni akayasukuma ukutani. Mume wake, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, alikubali shingo upande, akawa anakula amesimama jikoni mwezi mzima.

Ikabaki gundi ya epoksi. Hiyo huchanganywa na kigumishi, vipimo viwili kwa kimoja, ikatiwa unga laini wa mbao mpaka iwe nzito, ndipo ikapakwa kwenye pembe, pale ubao unapokutana na ubao. Ikishachanganywa haingoji mtu.

Jumamosi asubuhi alipaka pembe ya kushoto, akaisawazisha kwa mgongo wa kijiko. Ikapendeza. Kugeuka kuchukua kitambaa, kugeuka tena, gundi yote imeteremka chini kama uji.

"Unga haukutosha," mume wake akasema kutoka mlangoni.

"Nimeona."

"Mimi ningepima."

"Mwalimu, nakuomba uniache."

Akaikwangua, akachanganya kikombe cha pili. Hiki kilikuwa kizito vizuri. Simu ikaita. Mteja alitaka kujua kama mikono ya gauni lake inaweza kurefushwa, kisha akataka kueleza kwa nini. Fundi aliitikia "ndiyo, dada" mara tisa. Aliporudi, kikombe kilikuwa cha moto hakishikiki na kijiko kimegandia ndani. Akauma meno, akaenda kunawa uso.

Ndipo mwalimu alipoamua kusaidia.

"Nimekurahisishia," akamwambia alipotoka bafuni. "Huna haja ya kuchanganya kikombe kikombe."

"Umechanganya kiasi gani?"

"Nusu kopo. Vipimo ni sahihi kabisa, unaweza kuhakiki."

Ndoo ya plastiki aliyochanganyia ilikuwa imeanza kufuka moshi. Fundi aliikamata mpini, akatoka nayo mbio uani, akaitua juu ya jiwe la kufulia huku kitako cha ndoo kikilainika kwa joto. Iligandia hapo hapo, na mpaka leo ipo.

"Sikujua kwamba inajipasha moto," mwalimu akasema.

"Imeandikwa kwenye kopo."

"Nilisoma upande wa vipimo tu."

Fundi alirudi ndani, akaketi katikati ya mashua yake karibu saa nzima. Hasira yenyewe haikuwa ya gundi. Miaka thelathini alikuwa ameshona vya watu, na sasa ameshika kitu kimoja cha kwake, hawamwachi hata asubuhi moja.

Aliponyanyuka, alifungia simu kabatini, akamtoa mume wake na kiti barazani. Gundi iliyobaki akawa anachanganya kidogo kidogo na kuitandaza kwenye sinia pana ili isikusanye joto. Pembe moja ikakaa, ya pili ikakaa. Nje alisikia mlango ukigongwa.

"Leo hapokei kazi," mwalimu alikuwa akisema. "Hapana, siwezi kumwita. Hata mimi siruhusiwi kuingia."

Baadaye kidogo akachungulia. "Naweza kuuliza kitu kimoja?"

"Hapana."

Akafunga mlango. Kufikia alasiri pembe zote zilikuwa zimejaa, ila ile ya kushoto ilibaki na manundu. Aliipiga msasa siku mbili, ikamshinda, akaipaka rangi hivyo hivyo.

Wiki tatu baadaye waliiteremsha ziwani. Haikuingiza hata tone. Mwalimu aliketi mbele, fundi akashika makasia, na kabla hawajafika mbali mwalimu akageuka.

"Mkono wako wa kulia unavuta zaidi kuliko wa kushoto," akasema.

Mke wake akamlazia makasia magotini. "Haya, piga wewe."

Akapiga. Mashua ikazunguka mduara mzima, ikaanza wa pili. Fundi akaegemea nyuma, akanyoosha miguu, akamwacha.