Diski Iliyokaushwa kwa Chetezo

Wenzangu mliokua Msambweni miaka ya tisini ikielekea ukingoni mwajua: kompyuta ilikuwa mgeni wa heshima. Yetu, Baba aliinunua kwenye hoteli ya Diani alikokuwa karani, walipokuwa wakiondoa zile kuukuu. Ilikaa sebuleni imefunikwa leso, na sisi watoto hatukuigusa bila kunawa mikono, utadhani twaitiwa pilau.

Nyanya, mamake Baba, alikuwa mkunga. Hakujua kuandika, lakini kila mtoto aliyempokea alimweka kichwani na habari zake zote. Watu wazima na ndevu zao walimjia kuuliza wamezaliwa lini. Mwaka wake wa mwisho Baba aliketi naye kila Ijumaa baada ya swala, akayaandika yote kwenye karatasi, kisha akayapiga kwenye kompyuta. Karatasi akampa Mama awashie jiko.

"Karatasi zaliwa na mchwa," akasema. Msomi huyo!

Nyanya akafariki. Masika yakaingia, na asubuhi moja kompyuta ikagoma. Taa yake iliwaka, lakini kioo kikaandika kwa Kizungu kwamba diski haionekani. Baba akachomoa disketi, akakaza nyaya, akazima na kuwasha hadi nikamwonea huruma. Chakula hakukigusa. Nilimsikia akimwambia Mama kwamba sasa amemzika mamake mara mbili.

Fundi kutoka Ukunda akaja, akatega sikio. Akasema diski imekwama kwa unyevu, haizunguki. Ikipashwa moto taratibu huenda ikazunguka mara moja ya mwisho, basi. Hotelini wangetumia mashine ya kukaushia nywele. Sisi tungeitoa wapi? Mama akainuka, akaleta chetezo chenye makaa mawili, akakifunika kwa tenga lake la kufukizia nguo, kisha akaifunga diski kwa leso na kuilaza juu.

"Nepi zenu zote zilikaukia hapa," alisema. "Hicho kidude kina cheo gani?"

Udi hakusahau kutia, na nyumba nzima ikanukia arusi. Fundi akairudisha diski mahali pake, nayo ikavuma. Baba akasoma, mimi nikaandika kwenye daftari la hesabu, vidole vikiniuma, nikiogopa hata kupiga chafya. Tulimaliza alasiri. Jina la mwisho lilikuwa langu. Baba alilisoma polepole, akalia mbele yetu waziwazi. Tukaizima kompyuta, wala haikuwaka tena.

Siku hizi wanangu hukumbushwa na simu siku zao za kuzaliwa, na maputo juu. Waulize kama mvua ilikuwa ikinyesha, watakutazama kama uliyechanganyikiwa. Mimi mwenzenu najua: nilizaliwa jua likichomoza baada ya mvua ya siku tatu, na Nyanya alicheka kwa sababu nilimkojolea. Nyanya hayupo, Baba naye hayupo. Nikitaka kuhadithiwa, nafungua daftari, najisomea kwa hati yangu ya kitoto.