Fulana Zilizochomwa Muthara

Mwalimu mwenzangu na mimi tulianza kufuata bendi tukiwa wageni kazini, tukifundisha shule moja karibu na Ishiara. Muziki wa benga ukipigwa popote tulipoweza kufika, tulikuwa mbele kabisa, karibu na spika, pale besi inapokutetemesha kifua. Mwenzangu hakugusa pombe, lakini gitaa likianza kulia alivua viatu. Onyesho likiisha, alienda moja kwa moja kwa muuza fulana zenye picha ya bendi. Hata fulana ikiwa kubwa kama gunia, aliinunua. Alizikunja vizuri kwenye sanduku, na kila moja ilikuwa na habari yake. Hii ni ya Embu, stima ilipopotea na umati ukamalizia wimbo bila vyombo. Hii ni ya Nchiru, wanafunzi walipombeba mpiga gitaa la solo mabegani.

Aliugua, akafariki. Mazishi yalikuwa kwao Muthara. Sisi rafiki zake wachache tulikubaliana kuvaa fulana za bendi, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyomjua.

Kaka yake mkubwa, mzee wa kanisa, alitusimamisha kwenye lango la boma.

"Walimu, hapa ni kwa Wakristo. Hizo nguo za kilabu mtazifunika."

"Mzee, hata sisi ni Wakristo," nikamwambia.

"Basi fungeni jaketi."

Tukafunga kwa heshima ya jeneza, jua likiwaka.

Kisha wasifu ukasomwa. Marehemu alipenda Neno la Mungu, ukulima, na ufugaji wa kuku. Kuku! Mtu aliyekuwa akivuka barabara akimwona jogoo! Muziki haukutajwa hata kwa neno moja, kana kwamba miaka yote ile alikuwa na ugonjwa fulani wa aibu. Nikafungua jaketi. Kaka akanikazia macho. Nami nikamkazia yangu.

Baada ya maziko nilimwomba kaka yake sanduku lile la fulana, tugawane ukumbusho.

"Tulizichoma," akasema, bila hata kupunguza sauti. "Vitu vya dunia havibaki hapa."

"Mlichoma nguo za mtu mzima? Alizonunua kwa jasho lake? Alikukosea nini?"

"Mwalimu, usilete fujo kwenye matanga."

Mimi ndiye wa fujo! Aliyewasha kiberiti ni mtu wa amani.

Mama yao alikuwa ameketi karibu. "Mimi sikuulizwa," akasema kwa Kimeru, akimtazama mwanawe. "Ningekataa." Kaka akaondoka kwenda kuhesabu sahani za wageni.

Sikula chakula chao. Najua kukataa chakula cha matanga ni jambo zito, na nilikataa nikijua. Tulipoondoka, mama alitusindikiza hadi barabarani, akamshika mkono mmoja wetu.

"Alikuwa anacheza namna gani, mtoto wangu? Sikuwahi kumwona."

Mwenzetu huyo akaanza wimbo polepole, mimi nikacheza kama marehemu alivyocheza, bega moja likitangulia. Mama alitazama mpaka mwisho, mkono mdomoni. Akacheka, akalia.

Kule bomani kipaza sauti kilikuwa bado kinaishukuru kamati ya mazishi kwa kazi nzuri.