Kiganja Mbele ya Mashine

Mwandishi wa barua wa mtaa wa Mtendeni alipiga mashine ya chapa kwa vidole viwili, na akifika mahali pa kueleza kwamba mteja amefanya kazi fulani, alisimama. Alisema Kiingereza kina njia mbili za kulisema hilo: fupi, ya kazi iliyokwisha, na ndefu, ya kazi ambayo bado inaendelea. Hakumuuliza mteja. Alivua miwani, akamshika kiganja na kukibonyeza kutafuta sugu za kazi, kama anayechagua papai. Mimi, fundi seremala wa zamani, nilitaka barua ya kuomba useremala wa reli, lakini miaka mitatu ya ukatibu katika kijiji cha ujamaa kule Puge ilikuwa imenilainisha mikono.

"Ndugu katibu, huu mkono wa bibi harusi!" alisema, foleni nzima ikacheka. "Wewe ni fupi."

"Mzee, wanataka seremala wa leo," nilinong'ona. "Wakiona fupi, nimekosa kazi."

Alinitazama, akaishusha mashine, akaipindua meza yake iliyolegea miguu. "Basi endelea."

Niliazima nyundo na randa, nikatoka jasho mpaka adhuhuri, watu wakishangilia kila msumari. Ndipo akapiga ile ndefu. Aliponisomea barua kwa Kiswahili, nilisikia ameongeza kwa hiari yake kwamba meza zangu hazitikisiki.