Mimba ya Kwanza, Mpaka Umefungwa

Kwetu mimba ya kwanza hurudi nyumbani. Binti hujifungulia karibu na mama yake, na bibi mzaa mama ndiye anayemwogesha mtoto mara ya kwanza. Mdogo wangu ameolewa Zambia, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Kasumbalesa, na mama alikuwa anamsubiri hapa Kampemba, upande wetu wa mpaka.

Ndipo tetesi zikaanza: serikali yetu inakataza bia na vinywaji vingine vya jirani, na jirani atafunga mpaka. Nimekulia ndani ya ugomvi huu. Sisi tuna madini na umati wa watu, wao ni wadogo, basi wakubwa wetu huwatendea kama kibanda cha mtaani: leo tunanunua, kesho tunasusa, na unga wao ukiadimika tunashangaa. Mimi jambo hili hunikera sana. Mama hupenda tukijionyesha.

Mdogo wangu alipiga simu akitaka kuja mapema.

"Ngoja kwanza, mama," mama akamwambia binti yake. "Batafunga kidogo, batafungula. Siye tuko inchi mukubwa. Bataishi bila siye?"

Nilimwambia amwache aje. Hakunisikia.

Mpaka ukafungwa, na haukufunguliwa upesi. Mama akaanza kuacha chakula sahanini. Redio ikitaja wajumbe wa nchi mbili, anatunyamazisha wote, hata wageni. Akaniuliza njia ya Kasomeno, ile ya kwenda kuvuka mto Luapula kule Kasenga, ambako mpaka haukufungwa. Nikamweleza kwamba akishavuka bado atazunguka safari ndefu hadi kwa binti yake. Akasema basi atazunguka. Magoti yake hayamfikishi hata sokoni.

Uchungu ulianza asubuhi. Shemeji alipiga simu kutoka kliniki, akaisogeza kwa mkewe. Tulimsikia akilia na kumwita mama.

"Pumua, mama. Niko hapa," mama alisema, ameshika simu kwa mikono miwili.

Salio la shemeji likaisha. Tulipopiga sisi, haikuingia. Mama alizunguka uani na mimi nikamfuata. Niliwachukia wajumbe wote, wa kwetu na wa kwao, pamoja na bia yao.

Jioni simu ikaita. Mtoto wa kike, mzima, na mdogo wangu naye mzima. Nililia bila aibu. Mama alimshukuru Mungu, kisha akauliza:

"Nani alimuosha mutoto?"

"Mama yangu," shemeji akajibu kwa upole.

"Ni muzuri. Umushukuru sana."

Alinirudishia simu, akaketi kizingitini. Ndani, redio ilikuwa inasema kwamba nchi kubwa kama yetu haiwezi kutishwa. Nilidhani atafurahi kama kawaida.

"Alitaka kuya," mama alisema. "Ni miye nilimuambia angoje."