Mchoraji wa Meza ya Dirishani

Kwa miaka tisa tulichora picha za vitabu vya shule katika chumba kimoja, yeye meza ya dirishani, mimi ya mlangoni. Alikuwa na mazoea ya kulamba ncha ya brashi, kuguna kidogo, kisha kufuta mstari ambao mimi sikuona kasoro yake. Mhariri alimwita Kobe kwa kuchelewesha kazi, na mimi nilicheka kuliko wote. Siku hizi picha zake zinatundikwa kwenye maonyesho, na mwezi uliopita moja iligombaniwa mnadani mpaka dalali akakaukiwa sauti.

Nilikwenda kuziona, roho ikiniuma. Katika picha moja kulikuwa na mwanamke anamenya viazi. Nilitafuta kosa kwenye mikono yake nikalikosa. Mchoraji mwenyewe akanikuta hapo, akanivuta pembeni.

"Ndugu yangu, niambie ukweli. Mkono wa kushoto umekaa sawa? Hawa wengine wananisifu tu, lakini wewe unajua kazi."

Ulikuwa umekaa sawa kabisa.

"Kidole gumba ni kirefu mno," nikamwambia.

Aliitazama picha kwa muda mrefu, furaha ikimtoka usoni taratibu.

"Asante," akasema. "Hakuna mwingine ambaye angeniambia."