Grade 10: tulikataliwa shule moja, kila mtu na sababu yake

Wakuu, sasa. Hii hasira nimekaa nayo hadi chakula hakishuki, wacha niitoe hapa. Sijaongeza chumvi, na aliyekuwa kwa ile laini ya ofisi ya elimu anajua.

Mimi ni mama, naishi mtaa wa Kamenu na nafanya kazi kwa kiwanda hapa Thika. Msichana wangu Wangari ana kifafa. Anameza dawa asubuhi na jioni, na akianguka lazima kuwe na mtu anayejua kumshika.

Placement ikatoka, ile orodha ya shule watoto wamepangiwa kuingia Grade 10. Wamempeleka boarding, shule ya kulala, mbali huko, mahali hatujui mtu hata mmoja. Na ugonjwa tulikuwa tumeusema tangu mwanzo!

Nikaambiwa ni-appeal, yaani niombe abadilishiwe shule. Headteacher wake wa zamani akaituma kwa system, tukaomba day school, ya kwenda na kurudi, iliyo karibu na kwetu. Ikarudi imekataliwa, bila sababu.

Sasa wakuu, anayeamua hiyo appeal ni nani? Ni principal wa hiyo shule unayoomba. Ukienda ofisi ya elimu, wanakwambia ona principal. Ukienda kwa principal, soja wa gate anakwambia rudi ofisi. Aki huu ni upuzi.

Siku nilifanikiwa kumuona principal nilikuwa nimevaa nguo za kanisa. Mnajua vile sisi hufanya, unajinyenyekeza kama umekuja kuomba kazi. Karatasi za hospitali hata hakuzishika. "Mama, nafasi zimejaa."

Nikasema asante. Asante ya nini, Ngai!

Nikarudi ofisi ya elimu. Laini ndefu, watu kimya. Tuko na tabia moja mbaya sisi wazazi: hakuna mtu anasema anatafuta shule gani. Unaona aliye mbele yako ni mwizi wa nafasi ya mtoto wako. Hata mimi karatasi zangu nilikuwa nimezificha ndani ya leso.

Mbele yangu alikuwa Mama Shiro, anauza mboga mtaa wa Kiandutu. Yeye ndiye alichoka kwanza. Akageuka, akataja shule anayotaka na akauliza kwa sauti, "Nyinyi mliambiwa nini? Mimi niliambiwa deadline imepita, na yetu ilitumwa siku ya kwanza kabisa!"

Kumbe ni shule ile ile yangu. Nikasema mimi niliambiwa imejaa. Baba mmoja aliyetoka Ruiru akasema yeye aliambiwa marks za mtoto ni chini, na mtoto wa jirani yake mwenye marks za chini zaidi amechukuliwa baada ya simu moja tu. Haiya!

Hatukungoja kuitwa. Tuliingia wote kwa afisa wa elimu.

Afisa akasema, "Mmoja mmoja, tafadhali."

"Mmoja mmoja ndio mnatudanganya," Mama Shiro akamjibu. "Pigia principal hapa tukisikia. Aseme shule imejaa ama haijajaa."

Akapiga, akaweka loudspeaker. Principal akakohoa, akazungusha maneno, halafu akasema kuna nafasi kidogo za "emergency". Emergency ya nani, kama mtoto wa kifafa si emergency?

Wangari alikubaliwa siku hiyo hiyo. Afisa akaniangalia, "Sasa mama, hata hushukuru?" Nikamwambia sishukuru, hiyo nafasi si zawadi yake.

Baba wa Ruiru pia alipata. Mama Shiro hakupata. Aliambiwa ako na mdomo, aende nyumbani atulie, atapigiwa simu. Hadi leo hajapigiwa. Mtoto wake Shiro anakata sukuma wiki pale kibandani na wenzake wako darasani, na mimi nikipita hapo nikitoka kazi nashindwa hata nimsalimie aje.

Yangu ni haya. Appeal isiamuliwe na yule yule aliyekunyima, na ukikataliwa sababu iandikwe ikiwa na jina la aliyekataa. Jumatatu naomba ruhusa kazini, narudi hiyo ofisi na Mama Shiro. Baba wa Ruiru amesema anakuja.

Na wewe uliyekataliwa, ilikuwa shule gani na uliambiwa nini? Sema hapa mbele ya watu, usifiche kama mimi. Tulinganishe.