Mlinzi wa Garsen Anayelipwa Ili Asionekane

Saa kumi na mbili asubuhi, matajiri wa Garsen wanagonga milango ya maduka yao wenyewe, kwa ndani, wakiomba kutolewa.

"Mzee Changawa!" anaita Athman Shee, muuza nguo aliyetoka Kipini, mdomo ukiwa kwenye ufa wa mlango. "Nifungulie, babu! Haja haina adabu, haimngoji mtu!"

"Naja, tajiri. Naanza na Mzee Hirsi."

"Anza na mimi! Hirsi mzee, amezoea kungoja."

"Wazee ndio wasioweza kungoja, tajiri."

Changawa Ngala anapita polepole mbele ya safu ya maduka sita, funguo zikining'inia kwenye kamba ya mkonge. Kila kufuli analolifungua linamtoa mtu mzima mwenye birika mkononi, macho yamemvimba, anayekimbilia vichakani bila salamu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyehukumiwa na hakimu. Wamefungwa kwa hiari yao, na mwisho wa mwezi wanamlipa aliyewafunga.

Mlango wa mwisho haugongwi. Ni wa duka la Dagane, muuza sukari, buni na samli. Changawa anaufungua huu taratibu kuliko mingine, anasukuma, kisha anasimama pale kizingitini mpaka amemwona binti wa Dagane, msichana wa miaka kumi na miwili, akitoka na ufagio.

"Umeamka, Bilan?"

"Nimeamka, babu."

Hapo ndipo Changawa anapumua. Ana miaka hamsini na kitu, ni Mgiriama aliyehamia mtoni akiwa kijana, na kazi yake ni ulinzi wa usiku. Lakini ni ulinzi wa aina ambayo huenda haiko popote pengine katika koloni hili. Mlinzi wa kawaida hukaa mlangoni ili aonekane. Changawa hulipwa shilingi arobaini kwa mwezi ili asionekane.

Mambo yalianza mwaka 1954. Wezi walikuja kwa mtumbwi, wakamwamsha Hirsi, mkubwa wa wafanyabiashara hapa, wakamwekea kisu kooni. Wakati huo milango ilikuwa ikifungwa kwa ndani, kwa pingo na komeo, kama milango ya watu wengine wote duniani. Hirsi akaondoa pingo kwa mikono yake mwenyewe. Wezi wakabeba marobota ya nguo na magunia ya sukari, na kabla ya kuondoka wakamwachia alama chini ya kidevu.

Wenye maduka wakakutana. Wakasema ubaya wote uko hapo: mwenye duka anao uwezo wa kufungua. Basi anyang'anywe uwezo huo. Makufuli yakahamishiwa nje. Ikifika saa mbili usiku, mlinzi huwafunga matajiri pamoja na wake na watoto wao, huchukua funguo zote, kisha huenda kujificha mahali pasipojulikana na mtu yeyote, na kila usiku hubadilisha mahali. Mwizi akimkaba tajiri, tajiri hana ufunguo. Akitaka ufunguo, hajui mlinzi aliko. Na tajiri naye hajui.

Wakaongeza sharti moja, na sharti hilo, kwa maneno ya Hirsi, Changawa analisema neno kwa neno kama mtoto anayesoma somo mbele ya mwalimu mwenye fimbo.

"Ukisikia unaitwa, usitoke. Hata ukiitwa kwa jina. Hata ikiwa sauti ni yangu mimi mwenyewe. Mtu aliyewekewa kisu huita jina lolote."

Ni lazima tukiri kwamba mpango huu umefaulu sana. Hirsi, ambaye hukaa juu ya gunia la mchele kama kadhi, hana haja ya kuutetea kwa maneno mengi.

"Tangu siku ile hatujaibiwa hata kibiriti," anasema, halafu anainua kidevu ili kovu lionekane vizuri. Hilo kovu limeshinda kila mkutano uliofanyika Garsen tangu lipatikane.

Ramadhani ya mwaka jana, Nurto, mke wa Dagane, aliamka kupika daku. Alikuwa akikaanga buni kwa samli, kama wanavyofanya Wasomali na Waorma. Buni zikipata moto hupasuka na kuruka. Samli ikamwagika jikoni, ikashika moto, moto ukapanda kwenye magunia ya buni, na kutoka hapo ukaingia kwenye makuti ya paa, makavu baada ya miezi mingi bila mvua.

Changawa alikuwa amelala juu ya dungu, ule ulingo wa kuwingia ndege, katika shamba la mahindi kando ya mto.

"Nikasikia, 'Changawa! Changawa!' Sauti ya tajiri Dagane. Nikasema, haya, leo wamekuja. Nikajilaza chini kabisa. Nikasikia sauti ya mama naye, 'Changawa, njoo ufungue!' Nikasema, wamemshika na mama. Nikaziba funguo kwa shuka zisilie."

Anazitazama funguo hizo hizo, ziko mapajani.

"Nilikuwa nafanya kazi yangu. Vizuri sana nilikuwa naifanya."

Majirani wote walisikia, lakini majirani nao walikuwa wamefungiwa. Kwa hiyo maduka sita yakawa yanapiga kelele kwa pamoja, kila moja likimwita mtu mmoja aliyeamriwa asiitike. Aliyefika kwanza ni Kadzo, mkewe Changawa, kutoka kwenye kibanda chao nyuma ya soko, amebeba mchi wa kutwangia. Akaupiga mlango wa Dagane kwa mchi mpaka mchi ukapasuka.

"Nyumba ile ilikuwa nzuri mno," anasema Kadzo. "Mlango wa mbao nene, mwizi asivunje. Ukutani boriti za mikoko, mwizi asitoboe. Juu, chini ya makuti, boriti tena, mwizi asishukie. Dirishani nondo. Kila nilipopiga, nasikia ugumu tu. Fundi aliyeijenga ni hodari, Mungu amrehemu."

Changawa alipoona mwanga alijua kwamba wezi hawana mwanga mkubwa namna ile. Alikimbia. Kufuli lilikuwa limeshapata moto, akalishika hivyo hivyo. Ngozi ya kiganja chake cha kulia hadi leo imekunjamana kama karatasi. Dagane alitoka akimburuta Bilan. Nurto alitolewa na Kadzo. Alikuwa hai, lakini adhuhuri haikumkuta.

"Yule mama hakunitukana," anasema Changawa. "Ningefurahi angenitukana. Aliuliza tu, 'Ulikuwa wapi, mzee?'"

Baada ya maziko alipeleka funguo kwa Hirsi, akaziweka juu ya gunia la mchele. Hirsi akazirudisha.

"Nani atazishika? Na wewe unayejua kila kufuli letu, ukienda zako leo tukaibiwa kesho, tumshike nani kama si wewe?"

Kwa hiyo hakuna mtu Garsen aliyefungiwa kama mfungaji mwenyewe. Angependa kurudi Kulesa, alikolima mpunga zamani, maji ya mto yakipanda yakashuka. Lakini akiondoka tu, atakuwa mwizi wa jambo ambalo halijatokea.

Mwezi wa Ramadhani utaandama tena wiki chache zijazo. Meko sita yatawashwa wakati wa daku nyuma ya makufuli sita. Ndiyo maana leo mchana wenye maduka wamekutana dukani kwa Hirsi, na Changawa amekaribishwa kukaa sakafuni.

Athman ndiye anayeanza. "Tuweke ufunguo wa pili ndani. Moto ukizuka, mtu ajifungulie."

"Na kisu kikizuka?" anauliza Hirsi.

"Basi tuwe na pembe. Ikipigwa pembe, mzee atoke."

"Mwizi hana pumzi ya kupuliza pembe?"

"Tupange neno la siri, basi! Neno la moto peke yake."

Hirsi anainua kidevu. "Mimi usiku ule ningewaambia mpaka jina la bibi yangu mzaa mama."

Watu wanacheka, na kicheko kinaisha mapema. Kila kinachoweza kumwita mlinzi kwa ajili ya moto kinaweza kumwita kwa ajili ya mwizi. Athman anapandwa na hasira.

"Kumbe hapa mtu achague tu, achinjwe au achomwe!"

"Achague kutoibiwa," anasema Hirsi. "Moto ni kadari ya Mungu. Mwizi ni uzembe wetu."

Mkutano unaisha kwa azimio moja, nalo ni kwamba watu wapike kwa uangalifu. Changawa hakuulizwa neno. Wakati wa kuondoka, Hirsi anampa kipande cha sukari guru, kwa heshima ya umri wake.

Jioni, kabla ya kufunga, Changawa anamfuata Dagane mlangoni. Dagane amejenga upya, safari hii kwa mabati, na watu humsifu kwamba mabati hayaungui. Ni kweli. Huungua walio chini yake.

"Tajiri, nina ombi," anasema Changawa. "Mwezi wa mfungo, Bilan alale kwetu, kwa Kadzo. Apike daku pale uani petu. Kadzo atakuletea dirishani, sahani inapita kwenye nondo. Tumepima."

"Nyumba yako ina mlango?"

"Ina mkeka."

"Mtoto wangu wa kike alale kwenye nyumba ya mkeka?"

"Hatuna cha kuibiwa, tajiri. Kwetu mwizi haji. Tangu tuzaliwe hajaja."

Dagane si mtu mkali. Tangu mkewe afe anaongea kidogo, na mara kwa mara hukosea kupima sukari.

"Mzee," anasema mwishoni, "nimebaki na huyu. Akiwa ndani, namsikia anapumua. Akiwa nje, nitasikia nini? Mbwa akibweka nitasema wamemchukua. Na siwezi kutoka kwenda kutazama, maana umenifunga."

"Basi nisikufunge, tajiri."

"Wakija wezi?"

Wanasimama pale, watu wawili waliotoka kwenye moto mmoja, kila mmoja ana haki, na haki zao hazipiti katika mlango mmoja.

"Funga, mzee," anasema Dagane. "Mtoto atalala ndani."

Anaingia. Changawa anavuta mlango, anapitisha kufuli kwenye tumbuu, analibana. Kutoka upande wa pili, chini kwenye ufa, inasikika sauti ya Bilan.

"Babu, leo unajificha wapi?"

Kadzo anasema msichana huuliza hivyo kila jioni tangu mama yake afe, na kila jioni sharti la kazi humnyima jibu. Changawa huwa anasema, "Mbali kidogo, mwanangu," kisha anaondoka haraka.

Leo anapiga magoti, goti moja baada ya jingine, kwa shida, mpaka mdomo wake unafika kwenye ufa, ananong'ona.

"Leo najificha kama kawaida. Lakini mwezi wa mfungo sijifichi. Nitalala hapa hapa, kwenye kizingiti chako, funguo shingoni. Ukisikia chochote, gonga chini. Usiite. Gonga tu."

"Watakuona."

"Wanione."

Ndani mtu anagonga mara moja, chini kabisa, kujaribu. Changawa anagonga naye.

Huo ndio mpango wake, na ndio wote. Hajamwambia Hirsi wala Dagane. Anapoulizwa kama haogopi wakubwa wake wakisoma habari hizi, kwa mara ya kwanza siku nzima uso wake unalegea.

"Andika tu. Gazeti likifika Garsen, tajiri Athman hulikata vipande akafungia vifungo na sindano."

Na wezi je? Mlinzi mzee, aliyelala chali kizingitini, funguo zote za Garsen zikiwa shingoni, si atachinjwa kabla hajafungua jicho?

"Atanichinja," anakubali. Anazirudisha funguo ndani ya shuka, anazibana kwa kwapa zisilie. "Lakini akishanichinja atachukua ufunguo, na mlango ataufungua. Mtoto atatoka. Mwizi ana mikono. Moto haujui kufungua mlango."

Kisha anaaga, anakata kwenye njia ya mto, na baada ya hatua chache hakuna anayeweza kusema ameelekea upande gani.